Siku tuliyovuka Kamanga na mdogo wangu

Mdogo wangu alikuwemo kwenye MV Nyerere, ile Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018. Alitoka gulioni Bugolora anarudi kisiwani Ukara, huku Ziwa Victoria, kivuko kikapinduka gati ya Bwisya wanaiona kabisa, watu zaidi ya 200 wakafa, yeye akavutwa na mtumbwi wa wavuvi. Hayo yalitangazwa sana.

Ya baadae hayakutangazwa. Tukamleta kwangu Kirumba, Mwanza. Anaoga mlango wazi, maji ya kichwani hataki kabisa, nywele tunamfuta na kitambaa, usiku taa haizimwi. Halafu wageni wakija kila mtu ni "mshukuru Mungu, wenzio wako wapi", aisee hilo neno lilimfunga mdomo, maana ukishaambiwa ushukuru utaanzia wapi kusema hulali? Nikawa nawakatisha, chai wanapewa na stori nyingine wanapewa, kuna shangazi kaninunia mpaka leo na sijali.

Mwaka uliofuata bibi akafariki Sengerema. Nikamwambia baki tu, wajomba nitaongea nao mimi. Akasema bibi ndo kanilea dada, naenda.

Asubuhi tukafika kwenye kivuko cha Kamanga, kile cha kuvuka ziwa toka Mwanza kwenda upande wa Sengerema, tukakaa pembeni. Cha kwanza kikaondoka hatujapanda, kinachofuata vilevile. Sikumsemesha. Mjomba anapiga, mazishi saa nane, mko wapi, nikaweka simu sailensi.

Baadae akanyanyuka mwenyewe. Akachukua laifu jaketi akaivaa juu ya khanga ya msiba, vijana flani wakaanza kucheka nikawakata jicho wakanyamaza. Lile lango la chuma lilivyoanza kunyanyuka likakwaruza, akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Nesi aliyekuwa anamshauri alishamwambia hofu ikipanda ataje vitu anavyoviona mbele yake, ili akili irudi pale alipo isibaki kule majini, basi nikamuuliza unaona nini?

"Tairi. Kamba. Fuso la saruji. Ndoo ya dagaa. Yule kaka jezi yake ya Yanga imechanika kwapani."

Kimya kidogo, halafu anaanza tena, tairi, kamba, Fuso. Kamanga si mbali, ni kama nusu saa hivi, ila siku hiyo ile jezi niliijua mpaka nyuzi. Kushuka tu akatapika, akasukutua na maji ya chupa, bodaboda akataja bei yake, mdogo wangu akamwambia hiyo bei kamwambie mzungu. Nikacheka peke yangu, msibani kabisa naenda.

Kurudi akagoma katakata. Tukazunguka na mabasi, Geita, Kahama, Shinyanga, mgongo uliniuma wiki nzima na nauli nililipa mimi.

Tangu daraja la Kigongo-Busisi la kuvuka ziwa lizinduliwe Juni 2025 Sengerema anaenda mwenyewe, siti ya dirishani tu ndo hataki. Ukara hajarudi. Mama anamsumbua na hilo, na mimi namsumbua mama.