Kokwa za tende zilizotetea shamba la bibi

Nilipoanza kudai shamba la bibi yangu lililopotea wakati wa vita, kila niliyemwuliza aliniambia nikatafute hati. "Bila hati umelala, ndugu yangu." Hati ya wapi? Watu wa bara ya Lamu, upande wa Kiunga na Mkokoni, walilima tangu mababu bila karatasi, na vita vya Shifta, vya waliotaka Kaskazini Mashariki ijitenge na Kenya, vilipowafikia walikimbilia visiwani na nguo za mwilini. Hata hivyo nilikwenda ofisi ya ardhi, ili wasije wakasema sikwenda. Nikaambiwa pande zile zote ni ardhi ya serikali, na kijana wa kaunta akarudi kwenye chai yake.

Wakili mmoja naye akataka ada ya kufungua kesi. Pesa za kununulia mashua kuukuu. Sikumpa hata senti. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alikwisha nionyesha ile sheria ya 1970 inayowakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa yaliyotendeka wakati wa vita vile Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na hapa kwetu Lamu. Wakili hakuitaja. Ama hakuijua, ama aliijua vizuri mno.

Ikabaki Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ya kuchunguza dhuluma za zamani, ambayo wakati huo ilikuwa ikichukua taarifa za wananchi. Tume iliangalia mambo ya kuanzia 12 Desemba 1963, siku ya uhuru, kwa hiyo lazima useme mlihama lini. Bibi miaka haijui. Anajua Ramadhani. "Baada ya bendera tulifunga mbili kwetu, ya tatu tukafunga Kizingitini, kisiwani Pate." Basi nikakaa na kalenda: ya kwanza ilianza Januari 1964, ya pili Januari 1965, ya tatu mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo. Walihama 1965. Mjomba mwenyewe alinyamaza.

Sasa shamba. Bibi kuchora hawezi, na nikimwuliza ekari ananicheka. Alikuwa anakula tende, kokwa ziko kwenye kisahani. Nikamwambia, "Bibi, hii kokwa ndiyo kisima. Nipangie mashamba." Akajifuta vidole kwenye leso, akaanza kuzipanga mkekani moja moja huku akitaja wenyewe: huyu ana minazi, huyu korosho, huyu mvivu, shamba lake nyasi tupu. Alipofika kwetu aliweka kokwa mbili, kwa sababu babu alinunua na la jirani. Hilo hata mama yangu hakulijua. Nikapiga picha, nikanakili kwenye karatasi ya miraba.

Lakini maneno ya bibi peke yake nani atayaamini? Nikapanda boti hadi Kizingitini kwa mwanamke aliyekuwa jirani yao, sikumwambia bibi kasema nini, nikamnunulia tende zake mwenyewe. Nilisubiri sana, maana anakula polepole na kila tende ina hadithi yake. Akapanga. Wallahi, zilifuatana vilevile kutoka kisimani mpaka ufuoni! Walitofautiana mwembe mmoja tu wa mpakani, ambao kila mmoja anadai ni wake. Nikaandika hivyo hivyo kwamba unagombaniwa. Msikubali mtu awashauri kulainisha maelezo ya wazee. Mwembe ule ndio uliomfanya mchukua taarifa aniamini, akasema wanaopanga uongo hawabakishi ugomvi.

Ili kuhesabu hasara, bei ya mnazi unaozaa nilipewa na afisa wa kilimo, elfu na kitu. Ng'ombe tulikadiria. Taarifa ikasomwa, bibi akairekebisha mara kadhaa kwa ukali, kisha akatia dole gumba. Nakala ninayo, na nyingine iko kwa mjomba. Weka mbili kama mimi, nyumba za makuti huungua.

Ripoti ya Tume ilitoka 2013, na 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi bungeni, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa. Sisi mkononi hatujashika kitu. Waliofaidi ni madalali. Mmoja alikuja barazani kwetu mtaa wa Langoni akiandikisha watu "wa fungu la bilioni 10" kwa mia tano mia tano. Nikamwita ndani, nikammwagia kokwa mkekani, nikamwambia anionyeshe shamba letu liko wapi. Alisahau hata kalamu yake, na mpaka leo naandikia.