Kwa nini sikuitia mtandaoni picha ya mikoko

Kijana mmoja wa Dar ameniandikia akiniuliza mbona picha zetu za droni za mikoko ya Ghuba ya Chwaka, hapa Unguja, hazionekani OpenAerialMap, tovuti ya kuweka picha za angani wazi kwa kila mtu, na hali mimi ndiye ninayewapigia watu kelele kila siku kuhusu programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha. Swali la haki kabisa. Nalijibu hapa kwa sababu si yeye wa kwanza kuuliza.

Nianze na kazi yenyewe. Mikoko huipigi picha siku yoyote utakayo. Miongozo ya droni itakwambia usubiri anga safi na upepo mdogo, lakini habari ya bamvua haimo. Maji yakiwa yamejaa, mizizi imezama na jua linamulika juu ya maji. Programu huunganisha picha kwa kutafuta alama zinazofanana baina ya picha moja na ya jirani yake. Sasa wimbi la picha hii silo la picha ile, itashika wapi? Kwa hiyo tunarusha bamvua likiwa limekupwa, ambalo kwetu huwa kiasi cha saa nne asubuhi, kina mama wakiwa kwenye mwani. Tena tunapenda maleleji, baina ya kaskazi na kusi, majani yakiwa yametulia. Ratiba hiyo tumepewa na wavuvi. Alama za ardhini, za kuiweka picha mahali pake sahihi kwenye ramani, tunazikata kwenye viroba vyeupe vya unga, tunavitandaza kwenye mchanga na kuvibana kwa mawe ili visipeperuke, kisha tunachukua vipimo vya kila kimoja. Picha lazima zipandane sana. Kwa mikoko mimi sishuki chini ya asilimia 80, maana kutoka juu majani yote yanafanana.

Halafu unarudi nyumbani na mamia ya picha, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Natumia OpenDroneMap, programu huria ya kuunganisha picha za droni kuwa ramani, mradi ulioanzishwa mwaka 2014 na Stephen Mather huko Marekani, pamoja na WebODM, inayokuwezesha kuuendesha kwa kubofya badala ya kuandika amri. Kompyuta yenye RAM ya GB 16 hubeba picha kama 250. Ukizidisha, kazi inakatika katikati ya usiku na kukuachia namba 137, yaani kumbukumbu imekwisha. Dawa yake ni kuigawa kazi vipande vipande. Programu yenyewe inajua kugawa na kuunga tena. Inachukua muda, na umeme wetu mnaujua.

Lakini yote hayo yanafanyika juu ya meza yangu, bila intaneti. Huduma nyingi za kulipia zinataka upakie picha zako kwenye seva zao, nje ya nchi, ndipo urudishiwe ramani. Watu husifu programu huria kwa kuwa ni ya bure. Bure ni nzuri, ila kwangu kubwa zaidi ni kwamba picha haikutoka nyumbani mpaka wenyewe, watu wa Chwaka, walipoiona.

Wenyewe waliiona skuli, kwenye shuka jeupe ukutani. Droni ikiwa mita 100 juu, kila doa la picha ni kama sentimita 3 za ardhi. Setilaiti ya Sentinel-2, ambayo kila mtu duniani anapata picha zake bila malipo, doa lake ni mita 10. Tulikuza sehemu iliyokatwa, visiki vikahesabika. Watu wakaguna, wakatajana kwa majina. Kisha nikasogeza picha ndani zaidi, nyuma ya mililana, aina mojawapo ya mikoko, kwenye kijito ambacho huwezi kukiona ukiwa njiani. Pale mikoko imesimama mirefu, iliyonyooka, boriti tupu. Nilikuwa naona fahari. Bibi mmoja wa kamati ya kijiji akaniambia, "Mwanangu, hapa palikuwa hapajuliwi ila na sisi. Hii ukiitia huko kwenu mitandaoni, mwenye msumeno hana haja ya kuuliza njia."

Mwengine akataka nirudi pembezoni mwa kijiji. Nyua zote ziko wazi kutoka juu: nguo kwenye kamba, jiko la nje, mtu ameketi. Sura hazionekani, lakini kila mmoja pale alijua ni ua wa nani.

Nayajua majibu ya wapenda data huria, mengine nimeyaandika mimi mwenyewe. Ramani Huria, mradi wa wakaazi kuchora ramani za mitaa yao, ilipoanza Dar mwaka 2015, kuchora mitaro na nyumba za mabondeni na kuviweka wazi kulikuwa sawa kabisa: mafuriko yakija, kila mtu anahitaji kujua maji yanapita wapi. Mradi wa kupiga ramani Zanzibar kwa droni, ulioanza mwaka 2016 na kuwashirikisha wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, uliwaonesha vijana wengi wa hapa kwamba kazi hii inawezekana bila kumsubiri mgeni. Siyapingi hayo hata kidogo. Ila mtaro hauibiwi. Boriti huibiwa.

Tulichofanya ni hiki. Mpaka wa mikoko, njia na madiko tumevichora OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora na kuitumia, viko wazi. Toleo la picha lililopunguzwa hadi mita 10 yeyote akitaka nitampa, halimwambii mwizi kitu asichoweza kukiona tayari. Picha kamili iko kwenye diski mbili, moja ya kamati na moja kwangu, na hafunguliwi mtu mpaka kamati ikubali. Mtafiti mmoja alikasirika kwamba tunazuia elimu. Alipokwenda kuomba mwenyewe, akaeleza anachotaka, alipewa.

Halijamalizika. Kamati hubadilika, na sijui diski itakuwa mikononi mwa nani miaka mitano ijayo. Wapo wanaosema hata mimi nisiwe na nakala, na sina hoja nzito ya kuwapinga zaidi ya kwamba diski hufa.

Kwa hiyo kijana wangu, mipangilio yote niliyotumia kwenye WebODM nitakutumia, na faili la alama za ardhini uone linavyoandikwa. Picha kaiombe Chwaka.