Ungefumua

Jumamosi, saa nne usiku

Siku tano zimepita na neno la mama bado limenikaa kifuani. Nimekwenda nalo kazini, nimerudi nalo kwenye daladala, nimelala nalo. Jumatano mkataba wangu umeongezwa miaka miwili, ule ule niliouombea hapa tangu Ramadhani, na hata siku hiyo nilikuwa nikikoroga chai namsikia mama.

Ni ile taa. Mnakumbuka tangu tuhamie Tabata balbu ya mezani ilikuwa inaning'inia tupu, mwanga mweupe wa kukaza macho, mtu akikaa kula anaonekana kama ametoka kuumwa. Nilizunguka Kariakoo nikitafuta taa ya kufuma ya kuning'iniza. Nikatajiwa laki na ishirini, nikabembeleza ikafika tisini, nikaaga. Nimerudi nyumbani nimechoka, nainua macho juu ya kabati, nikaliona kawa la bibi, kile kifuniko chake cha chakula.

Umbo la kawa mnalijua, pana chini, juu limechongoka. Bibi alilishona nikiwa darasa la nne, ukili, ule msuko mrefu wa ukindu, wenye mistari mitatu ya zambarau. Tangu afariki halijafunika chakula, limekaa tu juu ya kabati likila vumbi. Nikajiona nimelipatia kazi.

Vitu vyote vimenigharimu elfu kumi na nne na mia tano: holda ya plastiki yenye pete ya kubana kivuli, siling rozi (kile kikombe cha darini cha kuungia waya), waya laini mita mbili, na balbu ya LED ya wati 7 yenye mwanga wa njano. Kwenye balbu sikutaka mchezo. Zile za zamani za wati 60 umeme wake karibu wote huishia kwenye joto, na ukindu mkavu ni kama kuni. Holda ya plastiki pia nilichagua kwa makusudi, maana ya chuma ni lazima uipelekee waya wa athi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, na darini kwetu athi haikupitishwa.

Nilizima mein swichi, siyo swichi ya ukutani peke yake. Nawaomba sana wenye kupenda kujifanyia kazi hizi mlishike hilo. Zipo nyumba ambazo fundi alipitisha swichi kwenye nyutro, waya unaorudisha umeme, badala ya laini, ule unaouleta; unazima, taa inazimika kweli, kumbe umeme bado umekaa kwenye holda unakusubiri. Nikahakikisha na testa kwanza. Waya za darini ni za zamani, nyekundu na nyeusi, zangu mpya kahawia na bluu. Nyekundu nikaifunga na kahawia, nyeusi na bluu. Kwenye holda ya kuzungusha, ule waya wa laini unakwenda kwenye kile kitako cha katikati, pembeni inakaa nyutro. Halafu nikapiga fundo waya ndani ya siling rozi, uzito wa kawa ubebwe na fundo, siyo na vile viskrubu vidogo. Nikapima sentimita 75 kutoka mezani. Yote hayo nilifanya vizuri, na bado nasema nilifanya vizuri.

Ila tundu. Pete ya holda ilitaka tundu la kama sentimita nne, na kawa juu limefunga. Nikachukua mkasi nikakata kile kichwa. Kilidondoka mezani, kidogo kama kifuniko cha soda, na pale mkasi ulipopita, ndani ya mshono ambako jua halikuwahi kufika, zambarau ilikuwa mbichi kabisa, kama imetoka kwenye sufuria ya rangi leo asubuhi. Nje imepauka imekuwa kama majivu. Nilikishika kile kipande muda mrefu.

Mama alifika Jumatatu kwa shughuli ya mahari ya binti wa mjomba, ambayo imekwenda salama. Nikampokea mkoba, shikamoo, marahaba mwanangu, maji ya kunywa. Giza likaingia nikawasha taa kwa furaha zote. Ukuta mzima ukajaa vivuli vya ukili, mishazari juu ya mishazari, mwanangu akapiga makofi. Mama akaangalia juu.

"Umekata?"

"Nimetoboa kidogo tu mama, ili waya upite."

"Ungefumua."

Basi. Akavuta sahani yake, akaulizia bei ya samaki Feri.

Nimelirudia hilo mara ngapi sijui. Kuna wakati nalisikia kama lawama, kuna wakati kama huzuni. Alivyosema "umekata" hakupandisha sauti, aliishusha. Na ana haki, hilo ndilo linaloniuma. Kawa huanzia juu. Mshonaji anaanza na ncha ya ukili, anauzungusha juu ya wenyewe, anashona akiteremka na kutanua mpaka chini. Kichwa ndicho bibi alichoanza nacho. Kama ningetafuta uzi wake wa kwanza nikaufumua mizunguko miwili mitatu, tundu lingepatikana lile lile na hakuna unyasi ambao ungekatika. Nililijua hilo. Nimekaa miguuni kwa bibi miaka yote ile nikimwangalia, sikuhitaji kufundishwa, na mkono wangu ukaenda kwenye mkasi kwa sababu mkasi ulikuwa karibu.

Juzi nikajaribu kumwomba radhi. Nikaanza, "Mama, lile kawa…" akanikatiza akaniambia mchele unaungua. Na kweli ulikuwa unaungua.

Sasa leo. Nimetoka sokoni nimemkuta amekaa mezani, kawa liko mapajani mwake. Alimwita kijana wa jirani akazima umeme akamteremshia. Moyo ulinipasuka, nikajua anakwenda nalo Bagamoyo. Kumbe ana bakuli la maji mbele yake na chane za ukindu zimelowekwa, amezichomoa kwenye ule ukili anaousuka yeye, ule unaokaa kwenye mkoba wake siku zote. Ukingo wa tundu ulikuwa umeshaanza kuachia, mimi kutoka chini sikuwa nimeona. Yeye aliona siku ile ile ya Jumatatu.

"Nitungie," akasema, akaninyooshea shazia, ile sindano kubwa ya kushonea ukili.

Nikatunga. Akaanza kuufunga ukingo, chane inaingia, inazunguka, inakazwa kwa kidole gumba, inaingia tena. Mwanangu alikuwa ameegemea bega lake, hata katuni hazitaki. Katikati ya kazi, bila kuniangalia, mama akasema, "Bibi yako naye alikuwa anakata. Ila alikuwa anafunga kwanza, ndiyo anakata."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo hukukasirika?"

"Nilisema nimekasirika?"

Sijui kama hilo ni jibu. Lakini tulicheka wote wawili, na nikamletea kile kichwa, nilikuwa nimekihifadhi kwenye kopo la vifungo. Alikigeuza geuza mbele ya dirisha, akapitisha ukucha kwenye ile zambarau mbichi. Hakunirudishia. Amekifunga kwenye pindo la kanga.

Taa imerudi mahali pake. Ukingo mpya ni mweupe unaoelekea kijani, unaonekana wazi kwamba si wa bibi, na mimi naupenda hivyo hivyo. Naandika chini yake sasa hivi, vivuli vimetulia, mama amelala chumba cha watoto.

Mdogo wangu aliondoka Masasi alfajiri na mzigo wa korosho. Huwa akifika Nangurukuru ananibipu, na akipita Kibiti ananibipu tena. Leo hajabipu hata mara moja, na nikipiga naambiwa hapatikani. Mama kabla ya kulala ameniuliza mara mbili kama kijana amefika, nikamwambia mvua imeshika, simu itakuwa imeisha chaji. Napiga tena.