Neno Nililobebeshwa Barafu

Kila masika, wageni wanapopungua mlimani Kilimanjaro, vijana sita saba huja kibarazani kwangu hapa Pasua, Moshi, tusome Kiingereza. Wengi ni wapagazi wanaotaka kuwa viongozi wa watalii. Wiki iliyopita jioni nzima iliishia kwenye vitenzi viwili, "depend on" na "count on", na sikuwa na haraka ya kuvimaliza. Hicho cha pili nilijifunza kwa miguu.

Nilikuwa msaidizi wa kiongozi, njia ya Machame. Tuko Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, inakaribia saa sita usiku, upepo unapiga mahema. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, hajala cha maana tangu Karanga, kambi ya kabla ya hapo. Nikiwa nimeinama namkazia kamba za buti, akanishika bega akasema: "I'm counting on you."

"Count" nilijua ni kuhesabu. Nikaelewa kwamba anataka nimhesabie. Basi nikahesabu, kwa Kiswahili, moja hadi kumi, hatua kwa hatua; tunasimama, anavuta pumzi, tunaanza tena moja. Baada ya saa moja hivi naye akawa anahesabu pamoja nami. Jua lilitukuta Stella Point, tukaendelea hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Tulipokuwa tunashuka kuelekea Mweka ndipo kiongozi wangu akanieleza: yule mama alikuwa amesema, "Nakutegemea wewe." Nilitembea kimya muda mrefu. Sijawahi kubebeshwa mzigo kama huo, na mizigo ya kilo 20 nimeibeba miaka mingi.

Tangu hapo nikawa nawaambia vijana: mtu anayesema hivyo amepiga hesabu zake na wewe umo ndani. Ukijitoa, hesabu nzima imeharibika. Kwa hiyo anayeweza ku-"count on" lazima awe na mipango: mtu, timu, kampuni. Kijana mmoja aliandika "The price counts on the season." Hapana, bei haina mipango. Hapo ni "depends on", sawa na tunavyosema "inategemea msimu". Kwa watu, vyote viwili vinakaa.

Kosa linalotusumbua zaidi ni kuidondosha "on". "I depend my brother." Nalielewa linakotoka. Sisi kaka tunamweka ndani ya kitenzi chenyewe, namtegemea, hatuhitaji kiungo kingine. Waingereza wanahitaji hiyo "on", na hawaiachi hata inapobaki peke yake mwisho: "someone you can count on".

Lipo na hili la kwetu. Siku hizi tunasema "nategemea kupanda Jumanne" tukimaanisha tunatarajia, kisha tunalihamisha hivyo hivyo: "I depend to climb on Tuesday." Kiingereza hapo kinataka "expect". Mimi ningependa hata kwenye Kiswahili tuseme natarajia, tuliache kutegemea libaki na uzito wake.

"Don't count on it" niliwafundisha kwa mfano wa mawingu. Mgeni akiuliza kama kesho kutakuwa kweupe, nawe umeona anga ilivyo, mwambie hivyo, asiweke matumaini yake hapo. Ila isemwe kwa upole, maana ikitoka kavu inaumiza.

Mwisho nikawaomba kila mmoja aandike sentensi ya kweli ya maisha yake. Mdogo kuliko wote, ana misimu miwili tu mlimani, alichukua muda kuliko wenzake. Barafu hakuna maji. Hubebwa kutoka bonde la Karanga, na kazi hiyo ni yake. Aliandika: "At Barafu the cook counts on me for water."

Nikamwomba ainuke aisome kwa sauti, mara mbili.