Kiazi cha Isongole na miwani ya kuzamia

Kila ninapopanda Coaster pale Uyole kwenda Kyela, mkoba wangu haukosi vitu vinne: miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia, kichupa cha shampuu ya watoto na kiazi kimoja kibichi. Mimi ni muuza viazi mviringo, kwa hiyo kiazi mkononi mwangu hakimshangazi mtu. Ila hiki si cha kupika. Kuna dada ananunua kwangu gunia kila wiki, amejipatia miwani yake ya kwanza na Desemba anawapeleka wanawe Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Namwandikia yeye hasa, maana sitaki kioo cha miwani kimzibe kwa ukungu kama kilivyonizibia mimi.

Mara ya kwanza niliingia majini upande wa mashariki wa ufukwe, kule mchanga unakokwisha na milima ya Livingstone inashuka wima hadi ziwani. Hapo ni mawe matupu, na kwenye mawe ndiko waliko samaki. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani, na wengi ni hawa wadogo wa rangi wanaoshinda miambani, baadhi yao wakikwangua mwani unaoota juu ya mawe. Kijana aliyenipeleka kwa mtumbwi alikuwa amenisimulia habari za majike wanaobeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na vitoto vikiona hatari hukimbilia tena kinywani mwa mama. Tangu aliponiambia hilo sikutaka kuona kitu kingine.

Nilikaa majini dakika kama tano, kioo kikawa cheupe kama asubuhi ya Julai yenye ukungu pale Isongole, kule milimani. Nikavua, nikapangusa kwa kidole, nikavaa. Dakika mbili, cheupe tena. Nikapangusa tena. Saa mbili nzima niliona rangi ya bluu ikipita mbele yangu bila umbo, na nikapanda gari kurudi Mbeya nikiwa na uchungu wa kweli. Nilidhani miwani imetoboka, nikaijaza maji nyumbani kwenye beseni kutafuta tundu. Haikuwa na tundu.

Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Baba aliendesha Fuso ya viazi, na shule zikifungwa nilikuwa napanda naye. Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya milima ya Uporoto imeshika kila kitu, tuko watatu ndani, tunapumua, madirisha yamefungwa. Kioo cha mbele kinaziba, tena kinazibia ndani. Utingo anachukua kiazi, anakikata katikati, anasugua kioo kwa ule upande wa maji mpaka kila mahali pamelowa, kisha anapitisha kitambaa kidogo tu. Barabara inaonekana. Nilikuwa naona jambo hilo kila safari na sikuwahi kuuliza sababu.

Sababu ni kwamba hewa ya joto hubeba mvuke, na ikigusa kitu kilichopoa huuachia. Ndani ya miwani kuna hewa kidogo iliyofungiwa pamoja na uso wako. Ngozi ya uso ina joto la nyuzi 34 hivi, inatoa unyevu wakati wote, na ukipenyeza pumzi kwa pua unaongeza mwingine. Upande wa pili wa kioo kuna ziwa. Maji ya Matema ni ya uvuguvugu ukilinganisha na mito yetu ya huku juu, lakini bado yamepoa kuliko uso wako, na hiyo tofauti inatosha. Mvuke unatua juu ya kioo kwa vitone vidogo sana, kila kimoja kimejikunja peke yake, na mwanga ukifika hapo unatawanyika huku na huku. Huo ndio weupe. Mvuke huwezi kuuzuia usitue. Unachoweza ni kukipaka kioo kitu kinachovifanya vile vitone visijikunje, vilale na kuungana kuwa utando mmoja mwembamba, na utando wa namna hiyo unaona kupitia kwake vizuri kabisa. Mate yanafanya hivyo, sabuni inafanya hivyo, na maji ya kiazi pia.

Lakini miwani mpya ina shida yake ya kwanza, na hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Inatoka kiwandani na utando wa mafuta mafuta juu ya kioo, unaotokana na ule mpira wa silikoni. Huuoni kwa macho. Ukitema mate juu yake yanateleza tu, hayashiki. Lazima uutoe kabla ya safari, nyumbani, kwa utulivu. Mimi nilitumia dawa ya meno nyeupe ya kawaida, ile inayokwaruza kidogo ukiisugua kati ya vidole. Ya jeli haina hiyo kazi. Kioo kiwe kikavu. Weka dawa kiasi cha punje ya haragwe kila upande, sugua kwa kidole kwa duara, usisahau pembeni kabisa kioo kinapokutana na mpira, kwa sababu ukungu huanzia hapo na kutambaa kuja katikati. Suuza, kausha, rudia. Nilirudia mara nne jioni moja, vidole vikachoka. Kila nikimaliza, nilimimina chai ya moto kwenye kikombe na kuushikilia upande wa ndani wa kioo juu ya mvuke wake. Mara ya kwanza kiliziba chote. Baada ya mara ya nne kiliziba kwa shida, na kwa viraka. Viraka hivyo vinakuonyesha mahali ulipopitia haraka. Na ikikaa sandukuni miezi mingi, isugue tena kidogo kabla ya kwenda, kwa sababu ule mpira huendelea kutoa mafuta yake.

Kabla ya yote hayo, angalia maandishi ya kwenye boksi. Kama miwani imepakwa dawa maalumu ya kuzuia ukungu, dawa ya meno itaikwangua yote. Na kama dirisha lake ni la plastiki badala ya kioo, itaichubua na hutaweza kurekebisha.

Wapo wanaochoma ule utando kwa kiberiti cha gesi, wanapitisha moto juu ya kioo mpaka kinakuwa cheusi, halafu wanapangusa masizi. Nimeona ikifanyika, na kioo kikasafika kweli. Sitakushauri. Mpira uko sentimita moja kutoka kwenye moto, na mpira ukishaharibika maji yataingia kila siku.

Sasa uko ufukweni. Mate ni ya bure na yana ute unaofaa sana. Hata wazamiaji wa miaka mingi hawajayaacha. Kosa la wengi ni kulowesha miwani kwanza. Temea kioo kikavu, sugua kote, chovya majini mara moja tu, mwaga, vaa hapo hapo. Ukiisuuza kama unaosha kikombe umeondoa kila kitu. Ila kwa familia inayopokezana miwani moja, mate hayapendezi na si salama kwa afya. Wao watumie shampuu ya watoto: tone moja kila upande, pakaza, chovya mara moja. Niliwahi kujaribu sabuni ya kuoshea vyombo. Ukungu ulikimbia, na macho yangu yakawaka mpaka jioni. Shampuu ya watoto imetengenezwa kwa kujua itaingia machoni.

Na kiazi? Ndicho ninachokipenda, na nitakitetea. Kikate pale pale ufukweni, kiwe kigumu chenye maji, kile kilichonyauka hakina kitu. Sugua upande uliokatwa juu ya kioo mpaka uone yale maji meupe, subiri kidogo, suuza haraka. Kwangu hudumu muda mfupi kuliko shampuu, kisha nakata kipande kipya. Hakiwashi macho hata kidogo. Maganda na vipande rudi navyo, usitupe ziwani.

Mengine ni tabia. Loweka uso kwa maji ya ziwa kabla ya kuvaa, upoe. Kama umepakaa mafuta usoni, yaoshe. Pumua kwa mdomo kupitia mrija, pua iache ipumzike. Usipandishe miwani kwenye paji la uso unapoongea na mwenzako, maana paji lina joto na jasho, ishushe shingoni. Na usipanguse ndani kwa kidole, kwa sababu kidole kina mafuta. Kikianza kuziba ukiwa majini, inua kidogo ukingo wa chini, ruhusu maji kiasi yaingie, inamisha kichwa yapite juu ya kioo, kisha bana sehemu ya juu kwenye paji, tazama juu na upulize kwa pua. Maji yatatokea chini. Jifunzie hilo mahali unaposimama na maji yakaishia kiunoni.

Dada yangu, miwani ile midogo ya kuogelea isiyofunika pua waachie wanao wachezee juu juu. Kwenda chini haifai, kwa sababu maji yakiibana huna njia ya kupulizia hewa ndani yake kusawazisha. Na mkirudi mpime kichocho, ziwa letu linacho.

Safari yangu ya tatu, yule kijana alisimamisha mtumbwi pale pale. Akanitazama ninavyosugua kiazi, akasema, "Mama, hiyo mpya." Nikamkatia nusu yake. Tuliingia pamoja, na baada ya muda akanigusa bega na kunyoosha kidole chini ya jiwe kubwa. Palikuwa na samaki wa rangi ya udongo, si yule wa bluu niliyekuwa namtafuta, na kando yake vitoto kama chembe za pilipili manga vikielea. Kivuli changu kilipowafikia, mama alifungua kinywa, vyote vikaingia, akafunga. Nilihesabu pumzi zangu kumi na mbili kabla hajafungua tena.