Siku moja maishani mwangu: embe mbele ya boksi, maji nyuma

Saa 1 asubuhi. Nakata embe bivu na kuweka kipande kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha. Kazi ya wiki hii ni kifungashio na bango la kinywaji kipya cha embe, na kabla sijagusa kompyuta nataka macho yaikumbuke rangi yenyewe. Karibu na kokwa ni rangi ya chungwa iliyokolea, karibu na ganda inafifia kuwa manjano. Katikati kuna nyuzinyuzi zinazong'aa kwa maji. Picha nyingi za kwenye maboksi hazina nyuzi hizo. Zimesafishwa mpaka embe likafanana na plastiki.

Saa 3. Niko dukani mbele ya rafu ya vinywaji. Narudi nyuma hatua kumi. Kutoka hapo majina hayasomeki, zinabaki rangi tu, na vinywaji vya embe vyote ni manjano ileile, vimeungana kama ukuta. Nasogea, naangalia mikono ya wanunuzi. Dada mmoja anachukua boksi, analigeuza, anasoma, analirudisha. Namwomba radhi na kumuuliza kwa nini.

"Mbele embe zima, nyuma cha kwanza ni maji."

Nayaandika maneno yake kama yalivyo. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kizito zaidi, na wanunuzi wanalijua hilo kuliko wenye viwanda wanavyodhani.

Saa 5. Mezani, nasoma yaliyowakuta wengine. Mwanzoni mwa 2009 Tropicana, watengenezaji wa juisi ya machungwa, waliondoa kwenye boksi lao chungwa lililochomekwa mrija, wakaweka glasi ya juisi. Katika muda usiofika miezi miwili mauzo yalishuka kwa takriban asilimia 20, wakarudisha boksi la zamani. Mimi naamini chungwa lile lilikuwa linasema jambo ambalo glasi haiwezi kulisema: hiki kimetoka ndani ya tunda.

Saa 8 mchana. Sampuli imefika kutoka kwa mchapaji, na embe langu limetoka kama limelala kapuni siku nyingi. Mashine inachapa kwa wino wa aina nne: samawati, majenta (waridi iliyokolea), manjano na mweusi. Rangi ya chungwa huzaliwa na manjano na majenta. Samawati ikipenya hata kidogo, inageuka tope. Naiondoa kwenye nyama yote ya embe, naibakiza kwenye kivuli. Narekebisha pia mistari ya msimbo wa bei. Tuliombwa iwe myekundu ipendeze, lakini mwanga wa kisomeo ni mwekundu, kwa hiyo mistari ya rangi hiyo hauioni. Inakuwa myeusi.

Saa 9:30. Simu ya mteja, na hapa ndipo penye kazi. Anataka neno "juisi" kwa herufi kubwa na embe zima likitiririka. Kinywaji chake kina embe asilimia 30. Kilichobaki ni maji na sukari. Kwa kiwango cha kimataifa cha vyakula cha Codex cha mwaka 2005 hiyo si juisi, ni nektari, yaani tunda lililochanganywa na maji, ambayo kwa embe inaanzia asilimia 25. Kwa hiyo hana cha kuficha, anacho cha kusema. Namsomea maneno ya yule dada wa dukani. Kimya kirefu.

"Basi bosi, tuandike nini?"

"Nektari ya embe. Na hiyo 30 tuiweke mbele."

Anakubali.

Saa 11. Bango. Nimelifungua lile la 1932 la Dubonnet, kinywaji cha Kifaransa, alilochora msanii wa mabango Cassandre: mtu anakunywa, na kadiri anavyokunywa anajaa rangi. Wazo moja, maneno machache, unalielewa ukiwa unapita. Langu lilikuwa na matone, majani, jua na mistari mitatu ya maneno. Nafuta. Nabakiza kipande kimoja cha embe, kikubwa kuliko bango lenyewe, kimekatwa na kingo. Nyuzi zake zote zinaonekana. Chini yake, 30.