Kumbukumbu ya mradi: santuri za Siti binti Saad, kutoka sahani hadi faili

Mradi huu unahamisha santuri za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, na kundi lake kutoka sahani za shelaki (utomvu mgumu uliotengenezea sahani za zamani) kwenda kwenye faili za kompyuta. Sambamba na hilo, linajengwa jedwali la kazi yake yote ya kurekodi: wimbo gani, upande gani, namba ipi, nani anaimba. Kusafisha kumekwisha, kusoma namba kumekwisha. Sasa kazi iko kwenye kasi, na hapo ndipo penye uzito wote, maana sahani ikizungushwa kwa kasi isiyo yake, anayesikika si Siti tena.

Mwanzo wa jedwali ni Machi 1928, Siti wa Fumba alipokwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, iliyouza sahani zake kwa chapa ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa. Katika kundi lake walikuwamo Subeti bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruk na Maalim Shaaban. Hawa hawakuwa wa kujazia nafasi. Maalim Shaaban ana nyimbo zilizotoka kwa jina lake mwenyewe, kwa hiyo anayetafuta jina la Siti peke yake kwenye lebo ataliacha nje fungu zima la kazi ya kundi. Ndiyo sababu kila mstari wa jedwali unaanza na namba, jina linafuata. Tahajia ya majina kwenye lebo nayo haifai kutegemewa.

Namba zenyewe ni mbili, na zisichanganywe. Iliyochapwa kwenye lebo ni ya kuuzia: inamwambia mwenye duka aagize sahani ipi. Ya pili imegongwa kwenye shelaki, katika ule ukingo laini baina ya mwisho wa mifuo (mistari iliyochimbwa inayobeba sauti) na lebo, na hiyo ndiyo namba ya kurekodia. Ukizipanga namba hizo kwa mfuatano unapata mpangilio wa kazi ya studio, ambao mara nyingi haulingani na mpangilio wa dukani. Kuisoma, zima taa ya juu, weka tochi chini pembeni mwa sahani ili mwanga upite kwa mlalo, kisha piga picha. Tazama pia alama ya pembetatu karibu na namba: kwa sahani za kampuni hii ina maana wimbo ulirekodiwa kwa maikrofoni na umeme, mfumo wa kampuni ya Western Electric ulioanza kutumika mwaka 1925. Kwa hiyo Siti hakuimbia ndani ya pembe la bati kama waliorekodi miaka kumi kabla yake. Sauti ipo nyingi ndani ya mifuo hii kuliko watu wanavyodhani wakisikiliza nakala mbovu.

Kuhusu kusafisha, kanuni moja haina mjadala: spiriti haigusi shelaki. Shelaki huyeyuka kwenye spiriti, na mifuo ikilainika haina dawa. Tumia maji yasiyo na chumvi, matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo kwa lita moja, na brashi laini inayofuata mfuo kwa mzunguko, isiukate. Maji ya visima vyetu vya Unguja yana chokaa na chumvi. Yakikauka huacha ukoko mweupe unaochakarisha kuliko vumbi lenyewe. Maji safi ya kuongezea betri yanafaa, lakini soma chupa mara mbili, kwani madukani hukaa rafu moja na tindikali. Lebo ifunikwe kwa kifuniko cha plastiki chenye mpira ukingoni. Suuza, futa kwa kitambaa cha pamba, simamisha sahani kivulini mpaka ikauke kabisa ndipo irudi kwenye bahasha mpya ya karatasi. Bahasha za zamani zenye ukungu zisirudishwe hata kama zinapendeza. Zipigwe picha, zihifadhiwe mbali.

Sindano ya santuri za kisasa haifai hapa. Ncha yake ina upana wa maikroni 18 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), nayo huzama mpaka chini ya mfuo na kuburuza uchafu. Mfuo wa shelaki unataka maikroni 76, na ni vizuri kuwa na ya 64 na ya 89 pia. Sababu ni uchakavu: sahani hizi zilipigwa kwenye santuri za kamani, katika mikahawa na barazani, kwa sindano za chuma na kichwa kizito. Sindano ya chuma ilitakiwa ibadilishwe kila upande mmoja, na wengi walibana matumizi. Palipokwanguliwa ni kimo kimoja tu cha ukuta wa mfuo. Ncha pana hupanda juu ya kovu, ncha nyembamba hupita chini yake. Jaribu zote kwenye sekunde thelathini zenye sauti kubwa, kisha chagua. Uzito wa sindano uwe gramu 3.5 hadi 5. Ukipunguza chini ya hapo sindano itaruka kwenye kila wimbi la sahani iliyopinda.

Kichwa cha sindano cha stirio, chenye njia mbili za sauti, kinatumika ingawa wimbo ni wa mono, na njia zote mbili zihifadhiwe, kwa kuwa ukuta mmoja wa mfuo mara nyingi ni mzima kuliko mwenzake. Kuziunganisha njia mbili hufuta mtetemo wa juu na chini, ambao hauna muziki. Ikiwa baada ya kuunganisha sauti ya Siti inatoweka na kubaki mchakacho mtupu, waya za upande mmoja zimegeuzwa. Mpangilio wa rangi za waya ni mweupe na bluu kushoto, mwekundu na kijani kulia.

Sasa kasi. Kwenye umeme wetu wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), kipimo cha mistari 77, yaani karatasi ya duara inayolazwa juu ya sahani, mistari yake ikionekana kusimama chini ya taa, sahani inazunguka mara 77.92 kwa dakika. Taa iwe ya waya au ya neoni. Taa nyingi za LED hazipepesi vya kutosha na mistari haionekani. Lakini 77.92 ni mahali pa kuanzia tu. Mashine za kurekodia za zama zile ziliendeshwa kwa uzito unaoshuka taratibu, kama saa ya ukutani, wala hazikufungwa na umeme wa mji wowote. Sahani iliyokatwa kwa mizunguko 76 ukiipiga kwa 77.92, sauti inapanda karibu robo toni. Kwa asiyezoea haionekani kitu, ila herufi "s" zinakuwa kali na mwanamme anaanza kuimba kama kijana.

Njia inayotegemewa ni udi. Upande wa sahani ya inchi 10 hubeba dakika tatu na kidogo, kwa hiyo wimbo mrefu hugawiwa pande mbili. Pima waya ulio wazi wa udi mwishoni mwa upande wa kwanza na mwanzoni mwa wa pili. Zikitofautiana, ama kasi ilihama ama mpigaji alikaza waya katikati. Ukipima waya mwingine utajua, kwa sababu kasi huhamisha waya zote kwa kiasi kilekile, mkono wa mpigaji hauwezi. Kisha linganisha na nyimbo zenye namba za jirani. Kimo cha sauti kinacholingana katika namba nyingi zinazofuatana ndicho cha kushikilia, na kilichobaki sikio la mtu anayejua taarabu liamue. Programu haiwezi kuamua hilo.

Sauti ikipanda na kushuka kila sekunde 0.77, tundu la katikati haliko katikati. Usilikwangue. Panga mikeka ya mpira hadi ipite kimo cha kijiti cha katikati cha mashine, kisha sogeza sahani kwa kidole huku ukitazama mkono wa sindano, mpaka uache kuyumba. Mlio wa "tak" unaorudi kwa muda huohuo ni ufa, na huo hufutwa mmoja mmoja kwa mkono katika Audacity, programu ya kuhariri sauti.

Kosa linaloharibu nakala nyingi zinazozunguka ni amplifaya ya santuri za kisasa. Inapunguza masafa ya hezi 10,000 kwa desibeli 13.7 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), ilhali sahani za 1928 hazikuongezewa trebo, yaani sauti za juu, hata kidogo. Matokeo ni Siti aliyefunikwa blanketi. Rekodi bila usawazishaji wowote (kuongeza au kupunguza besi na trebo), halafu rudisha besi kuanzia hezi 250 kwenda chini, na trebo iache ilivyo. Programu za kuondoa mchakacho zitumike kwa uchache sana: rika (ile dafu ndogo yenye vibati) na mchakacho wa shelaki hukaa masafa yaleyale, ukiondoa kimoja unaondoka na kingine.

Faili ghafi ni WAV, hezi 96,000, biti 24. Dakika moja ya njia mbili ni megabaiti 34.6, upande mzima kama 105. Jina la faili linabeba namba ya kurekodia, upana wa sindano na kasi iliyotumika, ili atakayekuja na hoja bora ya kasi aweze kurekebisha bila kuigusa sahani tena. Nakala tatu, moja iwe nje ya Unguja. Zinazosubiri ni sahani zilizovunjika vipande. Visigundishwe kwa gundi yoyote, vipangwe juu ya sahani nzima isiyo na thamani na kubanwa ukingoni kwa udongo laini wa kuchezea wa watoto, kwa kupigwa mara moja tu.